Kuku, Julai na Neno Upepo

Kabla ya kustaafu nilikuwa na siku nyingi za likizo ambazo sikuwahi kuzichukua, nikazipanga ili siku yangu ya mwisho kazini iangukie mwisho wa Mei. Wenzangu walisikitika. Walisema si vizuri kuondoka msimu wa baridi ukiingia, wakati watu wananihitaji. Sikuwaambia kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa sababu. Nimehudumia kuku wa Kajiado kwa Julai thelathini na moja, na ya thelathini na mbili ilikuwa imenishinda kabla haijafika.

Ilifika hata hivyo, kwa simu. Vijana wawili walioachiwa eneo langu hunipigia karibu kila siku, wakianza na "Madam, pole kwa kukusumbua," halafu wananisumbua. Swali ni lile lile: kuku wa fulani wanakoroma, wamevimba macho, wanakufa wawili watatu kila asubuhi, na mwenyewe amewafungia vizuri sana. Wakifika kwenye maneno "vizuri sana" huwa nimeshajua jibu. Basi naandika mara moja, ili simu ipumzike.

Niseme kwanza baridi yenyewe, kwa sababu mtu wa Limuru, kwenye baridi ya kweli, akinisikia atacheka. Kajiado ni nchi ya jua. Mwezi wa Machi, Kitengela, mtu hutafuta kivuli hata cha nguzo ya stima. Lakini ikifika Juni mawingu yanashuka, na upepo unavuka ile tambarare bila kukutana na kitu cha kuuzuia. Asubuhi kuna manyunyu, udongo mweusi unaganda chini ya viatu mpaka mtu anarefuka. Saa saba jua linatokea, sweta zinavuliwa. Saa kumi zinavaliwa tena. Kwa kuwa nchi ni ya joto, hakuna anayejiandaa. Na kwa kuwa hakujiandaa, baridi ikimfikia anashtuka na kufanya mambo. Mambo hayo ndiyo yaliyonipa kazi.

Kuku ana manyoya. Nimeyasema maneno haya matatu kwenye mabaraza, kanisani baada ya ibada, dukani na pembeni mwa barabara ya Namanga. Kuku mkubwa mwenye afya, mkavu, aliyeshiba, anaivumilia baridi ya Kajiado kuliko wewe na sweta lako. Asichovumilia ni kulowa, kupigwa na upepo akiwa amelala, na kuvuta hewa chafu. Hayo mawili ya kwanza watu huyaelewa upesi. La tatu limenila miaka.

Nilifika Kajiado mwanzoni mwa miaka ya tisini, nimetoka chuoni, nikitokea upande wa Kakamega. Kwenye ofisi ya mifugo kulikuwa na wataalamu wa ng'ombe, wa mbuzi na wa ngozi. Bwana aliyenipangia kazi alitazama jina langu kwenye barua, akatabasamu, akasema, "Wewe ni Mluhya. Wewe ni wa kuku." Mafunzo niliyopewa siku hiyo yaliishia hapo.

Aliyenifundisha kazi kweli ni Bwana Mutiso, Mkamba mkimya aliyevaa kofia ya sufu mwaka mzima, hata Machi. Boma la kwanza tulilotembelea pamoja lilikuwa nje kidogo ya mji wa Kajiado. Mwenye kuku alitusimulia ugonjwa kwa kirefu, mimi nikiandika. Mutiso hakuandika. Aliingia kwenye nyumba ya kuku, akachuchumaa, akainama mpaka kidevu kikakaribia kugusa takataka, akavuta pumzi mara tatu. Mimi nilibaki nimesimama mlangoni na kalamu yangu.

"Inama," akaniambia. "Hapo juu unapima hewa ya twiga."

Niliinama. Macho yalianza kuchoma palepale, na kooni nikahisi kama nimemeza sabuni. Nilipokuwa nimesimama sikuwa nimehisi chochote. Kinyesi cha kuku kikilowa hutoa ule mvuke mkali unaofanana na mkojo wa zamani, na mvuke huo hukaa chini, pale pale anapolala kuku. Humchubua puani na kooni, na baada ya hapo kila ugonjwa unaopita njiani unaingia bila kubisha hodi. Mwenye kuku ataona makamasi na kusema ni homa ya baridi. Atafunga dirisha. Mvuke utaongezeka. Atafunga na la pili.

Mutiso hakuwa na vifaa vingi, na mimi sikuwahi kuongeza. Pua, nimeshaitaja. Cha pili ni kiganja: chota maranda ya mbao yaliyotandazwa chini, yafinye, fungua mkono. Yakibaki donge, yana maji, yatoe. Yakipukutika kuwa vumbi, ni makavu mno. Yakishikana kidogo kisha yakaachana, mshukuru Mungu na uende boma lingine. Cha tatu ni unyoya mmoja laini uliofungwa kwenye uzi. Unaushika pale kuku wanapolala. Ukitulia, sawa. Ukicheza polepole karibu na paa, sawa. Ukicheza kwenye fito za kulalia, hapo kuna upepo unaowapiga, tafuta tundu. Nimeona ofisi zikiletewa mashine za kupima mambo haya. Mashine ziliisha betri.

Mwishoni mwa miaka hiyo Kitengela ilianza kujaa. Watu waliofanya kazi Nairobi walinunua ploti au kupanga, na kila mwenye nyuma ya nyumba alitaka kuku. Wengi walikuwa watu wetu wa magharibi, ambao kwao mgeni asiyechinjiwa kuku ataondoka akisema hakupokewa. Walikuwa wasomi, na msomi ndiye mkulima aliyenichosha kuliko wote, kwa sababu anaweza kukosea kwa hoja.

Karani mmoja aliniita Jumamosi moja ya Julai. Alikuwa amenunua vifaranga mia, akawajengea chumba kizuri cha mabati, akaziba kila ufa kwa karatasi ya nailoni na misumari, kisha akaweka jiko la makaa katikati na kufunga mlango. Alikwenda kazini moyo umetulia kwa sababu wana joto. "Wamelala vizuri tu, madam," aliniambia kwa upole, "lakini hawaamki." Halafu akaniuliza kama kulikuwa na chanjo aliyoisahau.

Nilimweleza kwamba makaa yakiwaka ndani ya chumba kilichozibwa huua, na kwamba angelala humo na vifaranga wake tungekuwa tunaongea na mjane. Aliandika yote kwenye daftari. Julai iliyofuata jirani yake alifanya vile vile, na ukuta wao ulikuwa mmoja.

Kwa hiyo, vijana, mkikutana na jiko: liwashwe nje mpaka moshi uishe na makaa yashike rangi nyekundu, na likiingizwa ndani, juu ya ukuta pawe na nafasi wazi upana wa mkono, pande mbili. Vifaranga wakijikusanya katikati wana baridi, wakikimbilia kwenye kuta wana joto jingi, wakitawanyika wanakula, wako sawa. Wao wenyewe ndio kipimajoto. Kuku wakubwa hawahitaji jiko kabisa. Wanahitaji maji yaliyopashwa kidogo asubuhi, konzi ya mahindi jioni kabla ya kupanda fito, fito pana ili wakikaa manyoya yafunike vidole, na chanjo ya kideri mwezi wa Mei, si Julai wakati jirani ameshaanza kuzika. Basi.

Sasa nifike Kisaju, kwa sababu huko kosa lilikuwa langu.

Chifu aliitisha baraza mwezi wa Mei, akanipa nafasi baada ya watu wa maji na kabla ya watu wa kitambulisho. Nilikuwa na dakika chache na watu walikuwa wamechoka. Nikasema kwa kifupi, kwa sauti ya ofisa, "Msimu wa baridi unakuja. Zibeni upepo kwenye nyumba za kuku." Nikakaa. Nilijiona nimesema jambo fupi linalokumbukwa, na kwa bahati mbaya lilikumbukwa.

Mama mmoja kwenye baraza lile aliitwa Mama Naserian. Boma lake lilikuwa mwendo wa saa moja kutoka barabarani. Alikuwa mke wa Mzee Parsaloi, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, yote makali. Alikuwa na kuku thelathini na mmoja, waliotokana na mitetea miwili aliyopewa na dada yake aliyeolewa mjini. Nyakati hizo kuku hawakuwa kitu cha kujivunia katika boma la Mmaasai wa umri wa Parsaloi. Yeye hakuwaita kuku. Aliwaita ndege, kama vile wametua tu na wataondoka. Na mimi, nilipoanza kupita pale, aliniita daktari wa ndege. "Daktari wa ndege amefika," alikuwa akisema bila kunitazama. "Ile ya uwanja wa Embakasi imeharibika?"

Lakini Mama Naserian alinieleza mapema, tukiwa wawili, kwa nini kuku hao walikuwa muhimu. Ng'ombe walikuwa wa mzee. Mbuzi na kondoo pia. Maziwa alikamua yeye, lakini hakuwa na ruhusa ya kusema mnyama gani auzwe, achinjwe au apewe mtu. Kuku, kwa sababu mzee aliwadharau, hakuna aliyewauliza ni wa nani. Angeweza kumshika mmoja na kumpa mgeni bila kungoja mtu arudi kutoka malishoni. "Ni hawa tu," aliniambia. "Kwa hii boma yote, ni hawa tu naweza sema ni wangu."

Mimi nilirudi Kisaju wiki ya pili ya Julai kwa sababu alinitumia ujumbe kwa dereva wa lori la mchanga: kuku wanaisha. Nilishukia barabarani, nikatembea na gambuti zangu kwenye ule udongo, nikafika nikiwa mrefu kama nilivyoeleza.

Nyumba ya kuku sikuitambua. Mwezi wa Mei ilikuwa ya fito na mabati, yenye nafasi juu. Sasa ilikuwa imesilibwa kwa kinyesi cha ng'ombe kutoka chini hadi kwenye paa, laini, bila ufa, na mlango wa futi mbili uliofunikwa kwa ngozi. Kusiliba nyumba ni kazi ya mwanamke wa Kimaasai na ni fahari yake, na wana-kondoo wadogo huwekwa ndani hivyo hivyo wasipigwe na baridi. Mama Naserian na mama mkwe wake walikuwa wamefanya kazi ya siku tatu. Ilikuwa nyumba nzuri kuliko yangu.

Nikamsalimu, "Takwenya." Akaitikia, "Iko," lakini uso ulikuwa umekauka. Walibaki kuku kumi na wanne. Alinieleza utaratibu wake. Alisiliba mara moja baada ya baraza. Juni wakaanza kukoroma, akajua baridi bado inaingia, akasiliba tena kwa ndani. Wakafa watatu, akatafuta nyufa kwa vidole gizani, akaziba. Wakafa wengine, akaongeza pembeni mwa mlango. Kila kuku aliyekufa aliongezewa ukuta.

Niliinama mlangoni na sikuvuta hata pumzi ya pili. Nilirudi nyuma machozi yakinitoka, nikamwambia panapaswa kutobolewa, juu, pande zote mbili, leo.

Halafu akasema taratibu, kama mtu anayeongea na mtoto wa shule aliyemchosha:

"Ulisema nizibe. Nimeziba. Sasa unasema nitoboe. Daktari, ni gani?"

"Nilisema uzibe upepo," nikajibu. "Sikusema uzibe hewa."

"Kwetu hiyo ni kitu moja."

"Si kitu kimoja."

"Basi ungesema hiyo ingine pia. Leo sema yote. Usiwache ingine ya kesho."

Sina la kujitetea. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu ambao Kiswahili kwao ni lugha ya pili au ya tatu, nikawapa nusu ya sentensi, nikakaa chini nikijisifu. Miaka karibu kumi nilikuwa nikisema "hewa iingie, upepo usiingie", na miaka karibu kumi watu walikuwa wakiitikia kwa kichwa kwa heshima tu, kila mmoja akijiuliza kimoyomoyo huyu mwanamke anataka nini kiingie. Hasira niliyokuwa nayo kwa wakulima ilikuwa nyingi. Siku ile ilibidi nigeuze sehemu yake.

Sikuwa na maneno mengine, kwa hiyo nilimwomba aingie ndani na kukaa na kuku, ngozi ikiwa imeshuka, mpaka chai iliyokuwa jikoni ichemke. Alicheka kidogo, akaingia kwa magoti. Chai haikuwahi kuchemka. Alitoka akikohoa, macho mekundu, akajifuta kwa ncha ya kanga. Alikwenda kuchukua panga, akakata mwenyewe kazi yake ya siku tatu, kipande kwa kipande, chini ya paa.

Mzee Parsaloi alikuwa amekaa kwenye kigoda akitazama yote. Mimi nilichimba shimo la mizoga, maana nilikuwa nimekataza waliokufa wasiliwe, hata na mbwa. Hilo lilimfurahisha kuliko chochote. "Mluhya anazika kuku," alisema, akimwambia ng'ombe aliyekuwa karibu. "Hiyo sijawahi ona."

Kisha alisimama na kusema jambo ambalo hakulifanyia mzaha. Alimwambia mkewe mbele yangu, kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nilisikie, kwamba nyumba ile ilikuwa nzuri na wana-kondoo wake walikuwa wamebanana. "Hii baridi imekula ndege. Ya mwaka ujao ikikula wale wamebaki, naweka kondoo hapo. Na ndege hawarudi kwa hii boma." Mama Naserian aliitikia kwamba amesikia.

Walipona tisa.

Mwaka uliofuata nilikwenda Kisaju mara nyingi kuliko kazi ilivyonitaka, na niliandika ripoti za safari kwa ujanja ambao sitawafundisha. Tisa wakawa ishirini, wakawa arobaini na wawili kufikia Aprili. Nguchiro alikula wanne. Tuliwachanja kideri mwezi wa Mei, mama akishika, mimi nikidondosha tone la dawa jichoni. Maranda ya kuweka chini yalikuwa shida, hakuna fundi wa mbao karibu, kwa hiyo alitumia majani makavu na kuyageuza kila asubuhi. Nyumba nilimwachia aamue mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimejifunza kuogopa mdomo wangu.

Siku moja ya Juni nilimkuta akisiliba tena, nikaongeza hatua. Lakini alikuwa ameishia kifuani. Chini palikuwa na ukuta mzito, imara, hadi juu kidogo ya fito wanapolala. Kutoka hapo hadi kwenye paa palikuwa wazi na waya, na upande wa kusini, unakotoka upepo wa asubuhi, alikuwa ametundika gunia la kushushwa jioni na kukunjwa saa nne. Nilishika unyoya wangu juu ya fito. Ulining'inia kama umelala. Nikauinua hadi kwenye waya, ukaanza kucheza.

Nikamuuliza nani alimwelekeza. Akanyoosha kidole, kwa siri, kumwelekeza mume wake aliyekuwa amesimama zizini.

"Angalia vile amejifunga," aliniambia kwa sauti ya chini. "Shuka iko mpaka shingo. Huko chini upepo hauingii. Lakini pua iko nje. Usiku pia analala hivyo. Siku moja alifunika pua na shuka, alikoroma mpaka mbuzi wakaamka." Akazuia kicheko kwa kiganja. "Nikasema, basi kuku pia avae hivyo. Mwili ndani, pua nje."

Miaka karibu kumi, vijana. Chuo, mabango, michoro yenye mishale ya bluu na mishale myekundu. Na jibu lilikuwa limesimama zizini kila siku, limejifunga shuka. Tangu siku ile sikutamka tena hewa wala upepo kwenye baraza. Nilisema, "Mvalishe kuku shuka kama mzee: mwili ndani, pua nje," na kutoka Kisaju hadi Mashuuru sikuulizwa swali mara mbili. Kitengela bado waliniuliza, lakini hao wangeuliza hata shuka ya rangi gani.

Julai ile ilikuwa mbaya. Manyunyu ya siku kumi mfululizo, jua halikuonekana. Mama Naserian alinitumia ujumbe mara moja tu, kwamba jogoo mmoja anapiga chafya, nami nilikwenda nikiwa nimejiandaa kwa mabaya. Niliinama, nikavuta pumzi tatu. Palinukia majani na kuku. Jogoo alikuwa amevuta vumbi la unga. Mama Naserian hakuniamini mpaka alipoinama mwenyewe, na hata hapo alikataa kusema lolote la furaha. Alisema Julai haijaisha. Kila asubuhi, alinieleza, mzee alipita mbele ya nyumba ile kabla ya kwenda kwa ng'ombe, akasimama, akatazama mlangoni kama kuna aliyetupwa nje, kisha akaendelea. Mama Naserian alikuwa akimwona kupitia nyufa za jikoni, na hakuanza kuwasha moto mpaka apite.

Walikufa wawili msimu mzima, mmoja kwa uzee na mwingine kwa kukanyagwa na ndama.

Septemba ofisi ilitutuma kuhesabu mifugo boma kwa boma. Fomu zilikuwa ndefu na za kuchosha, zilizobuniwa na mtu ambaye hakuwahi kuhesabu kitu kinachotembea. Nilifika kwa Mzee Parsaloi jua likiwa limerudi, yeye kwenye kigoda chake, mkewe akipepeta mahindi hatua chache kutoka hapo. Nilimuuliza ng'ombe, akanitajia kwa makundi na rangi, nikajumlisha mwenyewe. Nilimuuliza mbuzi, kondoo, punda. Alijibu yote. Nilifika kwenye mstari wa kuku, nikanyanyua kalamu, nikaamua kuuruka ili nisimpe nafasi ya kunitania.

"Umeruka," akasema. Hajui kusoma, lakini aliiona kalamu.

"Ni mstari wa ndege, mzee."

"Niulize."

Nikamuuliza ana kuku wangapi.

"Mimi sina," akasema. Ungo ulitulia mikononi mwa Mama Naserian. Mzee alielekeza fimbo yake upande ule bila kugeuza kichwa. "Wako na mwenyewe. Uliza yeye."

Nilimuuliza. Alisema hamsini na watatu, na mtetea mmoja analalia mayai. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizwa hivyo kila mwaka. Kisha akaendelea kupepeta.

Fomu ilikuwa na nafasi moja tu ya jina la mwenye mifugo. Nilichora mstari chini ya punda, nikaandika jina la mama, na chini yake hamsini na watatu. Ofisi ilinirudishia fomu hiyo: boma moja haliwezi kuwa na wafugaji wawili, rekebisha. Niliipeleka tena kama ilivyo. Ikarudi, safari hii na duara jekundu kuzunguka jina la Mama Naserian. Niliipeleka tena kama ilivyo, na haikurudi.